Kabla ya Kuupaka Ukuta Mafuta, Mwite Fundi wa Bomba

Leo sizungumzii kesha wala mfungo. Nazungumzia ukuta wa bafu lako. Usicheke, na usipite haraka, maana Biblia imeuzungumzia ukuta huo kwa urefu kuliko unavyodhani.

Hapa kwetu Eastlands kuna wakati kitu cha bafuni lazima kibadilishwe. Nyumba za Kaloleni ni za miaka ya 1940, za Jericho zina umri wa mtu mzima mwenye wajukuu, na Buruburu ilianza kujengwa 1973. Vyombo vilivyofungwa humo siku hizo vimezeeka. Lile tangi la choo la chuma lililokaa juu ukutani, la kuvuta mnyororo, limeanza kudondosha maji. Unanunua la plastiki la kubonyeza, linakaa chini, nyuma ya choo. Au sinki imepasuka, unaweka nyingine ndogo. Hata kwenye ghorofa mpya za Umoja, Kayole na Pipeline, bomba la bei ya chini halikai sana.

Fundi anakuja, anafanya kazi yake, anafungua maji, yanaingia vizuri. Unasema asante Yesu. Kisha unainua macho. Pale lilipokuwa tangi la zamani kuna mashimo manne ya skrubu, mstari wa kutu ulioteremka, mraba wa rangi ya kijani ambayo hujui ilipakwa na nani, na plasta iliyovimba ambayo ukiigusa inamwagika kama unga. Kwenye pembe kuna weusi.

Hapo ndipo watu huachana njia. Wa kwanza ananunua rangi kidogo na kupaka usiku huohuo ili aibu isionekane. Wa pili anaacha hivyo hivyo miaka mitatu. Wa tatu, na huyu mara nyingi ni mtu wa kanisa, anaona weusi umerudi, mtoto anakohoa usiku, anachukua simu: "Pasta, kuna kitu ndani ya hii nyumba. Njoo uombe, na uje na mafuta."

Maoni yangu ni haya, na nayasema nikiwa mtu anayeamini mafuta na kuwekea wagonjwa mikono. Mafuta ya upako hayakutolewa yafanye kazi ya fundi wa bomba. Mtumishi anayekuja kukemea ukuta uliolowa bila kuuliza maji yanatoka wapi hajamsaidia yule mama. Na akichukua sadaka kwa kukemea huko, amechukua pesa ya simiti.

Fungua Mambo ya Walawi 14, kuanzia mstari wa 33. Soma polepole. Mwenye nyumba akiona kitu ukutani, alienda kwa kuhani na kumwambia kwamba anaona kama kuna pigo ndani ya nyumba. Kuhani alifanya nini? Kwanza aliagiza vitu vyote vitolewe nje. Kisha aliingia akatazama. Alitafuta madoa ya rangi ya kijani au nyekundu, tena aliangalia kama yameingia ndani kuliko uso wa ukuta. Akaifunga nyumba siku saba. Siku ya saba akarudi kutazama tena. Kama doa limeenea, mawe yenye ugonjwa yaliondolewa na kutupwa nje ya mji, ukuta wa ndani ukakwaruzwa pande zote, vumbi lake likamwagwa nje ya mji, yakawekwa mawe mengine na plasta nyingine.

Sasa angalia mpangilio, maana hapa ndipo wengi hawajawahi kusimama. Wale ndege wawili, ule mti wa mwerezi, hisopo na uzi mwekundu vinatajwa kuanzia mstari wa 49. Ibada ya kuitakasa nyumba ilikuja baada ya mawe kubadilishwa, baada ya plasta mpya, na baada ya kuhani kurudi na kuona kwamba pigo halikuenea tena. Ukarabati kwanza, utakaso baadaye. Sisi tumegeuza. Tunaanza na ndege na hisopo, na jiwe lenye ugonjwa linabaki palepale ukutani.

Najua utaniuliza: "Pasta, mstari wa 34 unasema Mungu mwenyewe ndiye anayeliweka pigo hilo katika nyumba. Si basi ni jambo la kiroho?" Swali zuri. Lakini tazama: hata pigo lililotajwa kuwa limetoka mkononi mwa Mungu, dawa aliyoiagiza Mungu ilikuwa kukagua, kungoja, kukwaruza, kutoa jiwe na kupaka plasta. Kuhani hakuonekana mdogo kiroho kwa sababu alishika kazi ya mkaguzi wa nyumba. Maombi yako hayatapungua nguvu ukimwita fundi.

Wala hili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba unyevu na ukungu ndani ya nyumba unahusiana na pumu na matatizo mengine ya kupumua. Mwezi Desemba 2020, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, wa wazazi waliotoka Sudan, alifariki. Mwaka 2022 uchunguzi wa kisheria uliamua kwamba kilichomuua ni ukungu wa nyumba aliyoishi. Baba yake alikuwa amelalamika miaka kadhaa kabla, na aliambiwa apake rangi juu yake. Apake rangi juu yake! Leo Uingereza ina sheria iliyopewa jina la mtoto huyo, inayowabana wenye nyumba za umma kushughulikia unyevu kwa muda uliowekwa. Kwa hiyo mtoto wako akikohoa, mpeleke kliniki, muombee, na siku hiyohiyo uutazame ukuta.

Nabii Ezekieli, sura ya 13, aliwakemea watu wa namna hiyo. Watu walijenga ukuta dhaifu, na manabii wakaja na chokaa wakaupaka ukang'aa, wakatangaza amani mahali ambapo hapakuwa na amani. Mungu akasema mvua itakuja, na chokaa haitausimamisha. Mpendwa, rangi juu ya unyevu ni unabii wa uongo. Unamwambia mgeni, unamwambia mpangaji anayefuata, na unajiambia mwenyewe kwamba kuko salama.

Basi tufanye nini? Nitakuambia kama mafundi wa kwetu wanavyofanya wakifanya vizuri.

Kwanza, hakikisha uvujaji umekwisha. Hapa Nairobi kuna mtego. Maji ni ya mgao. Fundi anaweza kufunga chombo chako siku ambayo maji yanatoka kwenye tangi la juu ya paa, nguvu yake ndogo, kila kiungo kikaonekana kikavu. Kisha maji ya kampuni yanarudi saa tisa usiku, yanasukuma kwa nguvu, kiungo kinaanza kutoa jasho na wewe umelala. Kwa hiyo ngoja siku ya maji. Zungushia kiungo karatasi kavu ya chooni, rudi baada ya saa chache. Ikilowa, usishike rangi. Mwite fundi arudi akaze. Na kama unyevu unatoka kwa jirani wa juu, panda ngazi ukaongee naye kwa upole. Pengine hajui.

Pili, kwaruza. Ondoa rangi iliyovimba na plasta iliyooza mpaka ufikie sehemu ngumu, ambayo ukiigonga haitoi sauti ya tupu. Toa skrubu zenye kutu. Ukiziacha, kutu itapenya rangi mpya na kurudi kukusalimu. Ule unga mweupe ni chumvi iliyoletwa juu na maji; uondoe kwa brashi kavu, maana ukiulowesha unarudi ndani ya ukuta. Weusi wa ukungu uoshe kwa jiki iliyochanganywa na maji, dirisha likiwa wazi, na usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya kuosha choo, kwani mvuke wake unaweza kukudhuru.

Hapa nawaonya hasa walio katika nyumba za zamani. Rangi nyingi za miaka ile zilikuwa na madini ya risasi. Siku hizi Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 katika milioni, lakini rangi iliyo chini ya rangi yako ilipakwa kabla ya hapo. Vumbi la risasi huharibu ubongo wa mtoto. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa wanaijua sumu hiyo kwa machozi, ingawa yao ilitoka kiwandani. Basi usisugue rangi kuukuu kwa msasa mkavu, wala usiichome. Ilowesha kwanza, sugua ikiwa imelowa, toa watoto nje, na ufute sakafu kwa kitambaa chenye maji. Mungu alisema vumbi litupwe nje ya mji. Hakuwa anatia chumvi.

Tatu, ziba. Lowesha kidogo shimo ili ukuta wa zamani usinyonye maji ya simiti yako. Changanya simiti moja kwa mchanga nne, hata tano, mchanga ulio safi. Watu wengi hudhani simiti nyingi ndiyo nguvu. Hapana. Kiraka chenye simiti nyingi hujikunja kikikauka, kikapasuka pembeni na kuivuta plasta ya zamani. Yesu alisema jambo hilo katika Mathayo 9:16 kuhusu kiraka kipya kwenye vazi kuukuu. Aliyekulia kwenye nyumba ya seremala alijua kwamba kipya kikali kinaweza kurarua kilichochoka.

Nne, ngoja. Hapa ndipo imani ya wengi huishia. Kiraka kidogo kipe angalau juma zima, na kinene zaidi kipe majuma matatu au manne. Ukitaka kujua kama kimekauka, bandika kipande cha nailoni ya mkate juu yake, uzibe kingo zote kwa tepu, ulale. Asubuhi ukikuta matone ndani ya nailoni, ukuta bado unatoa maji. Zile siku saba za kuhani hazikuwa za kupoteza muda. Ukuta husema ukweli ukipewa siku.

Tano, paka. Anza na rangi ya chini inayofaa simiti mpya, kisha mikono miwili ya rangi inayooshika, ambayo haiunywi mvuke. Rangi ya mafuta ya zamani iliyobaki isugue, nayo ikiwa imelowa, mpaka ipoteze kung'aa, la sivyo mpya haitashika. Na usipake kiraka peke yake. Paka ukuta mzima kutoka pembe hadi pembe, maana kiraka kilichopakwa peke yake huonekana daima. Ukimaliza, lile dirisha dogo ulilolibandika gazeti lifungue. Ghorofa zetu zimesimama karibu karibu, jua haliingii. Upepo ndio fundi wa mwisho.

Sasa niongee na pande mbili.

Mpangaji uliyeokoka, najua kwa nini unapaka rangi usiku kabla ya kuhama. Ni ile diposti. Unaogopa shimo la skrubu litakula pesa ya mwezi mzima. Nakuelewa. Lakini ukificha plasta iliyooza kwa rangi ya mia chache, atakayelala humo baada yako ni mtoto wa mtu. Piga picha siku unayoingia, piga picha siku unayobadilisha chombo, mwandikie msimamizi wa ploti kwa ujumbe. Ukitoboa wewe, ziba wewe. Kama unyevu uliukuta, sema kwa ushahidi na kwa heshima. Katiba yetu, kifungu cha 43, inakupa haki ya makao ya kutosha na viwango vya usafi vinavyofaa. Kudai haki hiyo si uasi.

Na wewe mzee wangu, mama yangu, uliyebarikiwa ukajenga ploti, na unakaa safu ya mbele Jumapili. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka paa, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Maana yake Mungu anamhesabia mwenye nyumba usalama wa anayeitumia. Fungu la kumi linalotoka kwenye kodi ya chumba chenye ukungu nitalipokea, sitadanganya, kanisa lina bili. Lakini ningefurahi zaidi kusikia umebadilisha bomba la ghorofa ya tatu kabla ya kununua viti vipya vya madhabahu.

Kuna jambo zito zaidi. Si kila ufa ni wa kuzibwa. Ufa mwembamba wa plasta ni kazi ya fundi. Ufa mpana unaopita kwa mshazari, unaovuka mawe, au unaokua, usiufunike. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukipita alama hiyo, toka, na uripoti kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi au ofisi ya kaunti. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa lilianguka hapa Huruma. Karibu watu 50 walikufa. Maafisa walisema lilikuwa limeshatajwa kuwa la kubomolewa. Walawi 14:45 inasema pigo likirudi baada ya kukarabati, nyumba ibomolewe. Kuna nyumba ambayo neno la Mungu juu yake ni moja tu: hama. Tukikuombea ubaki humo, tumekukosea. Ukikosa pa kwenda, hapo ndipo kanisa linapaswa kuitwa kanisa: tukupe nafasi sebuleni, tuchange diposti, tubebe godoro.

Na fundi je? Mlipe. Kumbukumbu la Torati 24 inasema mshahara wa maskini alipwe kabla jua halijatua, na Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Usimwambie kijana wa mkono "nitakutumia kesho" halafu ukaonekana kwenye kesha ukilia kwa lugha. Mpesa haifungwi usiku.

Mwisho, usiniache bafuni tu. Wako waliopokea kitu kipya mwaka huu: kazi mpya, ndoa mpya, wokovu mpya. Kinafanya kazi, na tunamshukuru Mungu. Lakini cha zamani kilipotoka kiliacha mashimo. Kuna mtu unamdai msamaha. Kuna deni la chama ulilolikimbia. Kuna mtoto uliyemwacha kijijini anayeuliza baba yuko wapi. Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani. Alisimama akasema atarudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Huyo alibadilisha chombo na ukuta akautengeneza. Wewe umetoa ushuhuda, makofi yamepigwa, na mashimo bado yako wazi. Ushuhuda bila kurekebisha ni rangi juu ya unyevu.

Basi juma hili nakupa kazi. Ingia bafuni na taa ya simu. Tazama pembe, tazama nyuma ya choo, gusa plasta. Ukikuta unyevu, fuata mpangilio wa kuhani: tazama, ngoja, kwaruza, badilisha, kisha tutakase. Ukishaweka plasta, ikakauka, nyumba ikawa salama, niite. Nitakuja na mafuta kwa furaha, tutaimba, tutakunywa chai. Na kama huna pesa ya simiti, mwambie kiongozi wa seli yako. Katika Nehemia 3 watu walijenga kila mmoja mbele ya nyumba yake, na bado walikuwa bega kwa bega. Vijana wetu wana mikono. Mfuko wa simiti hauwezi kulishinda kanisa.

Tuombe. Baba, fungua macho yetu tuone kilicho nyuma ya rangi. Tupe ujasiri wa kukwaruza na uvumilivu wa kungoja. Walinde watoto wanaolala katika vyumba vyenye baridi na ukungu usiku huu, na uwaguse wenye nyumba na wapangaji watendeane haki. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie ujumbe huu jirani yako wa juu, na wa chini pia. Ubarikiwe.